Boti Ndogo au Boti Kubwa?

Kikundi cha wavuvi sita wa kando ya Ziwa Basotu, wilayani Hanang, kimeweka akiba kidogo kidogo mpaka fedha zimetosha kununua chombo. Sasa wamegawanyika. Vijana wanataka boti kubwa ya kuchukua watu wanne na injini. Wazee wanataka boti ndogo mbili za makasia. Wamelizungumza jambo hili mara tatu na bado hawajaelewana.

"Baba mkubwa, boti kubwa haipinduki," kijana mmoja alisema.

"Nani alikuambia?" mzee akamjibu. "Na ikikaa bila samaki, utaila?"

Wote wawili wameuliza maswali mazuri. Hebu tuyaangalie moja moja, kwa sababu fedha ya kikundi ikipotea hairudi upesi, na mtu akizama harudi kabisa.

Wengi wetu wa Mbulu na Hanang ni wakulima na wafugaji. Tunajua kuchagua ng'ombe. Tunajua kutazama jembe la kukokotwa tukasema hili zuri, hili bovu. Lakini boti hatukuzaliwa nayo kama watu wa Ukerewe au Kilwa. Kwa hiyo mtu akienda kununua, hutazama rangi na urefu. Anasema, "Hii ndefu, ndiyo nzuri." Hapo ndipo makosa yanapoanza.

MAJI HUBEBAJE BOTI?

Boti huelea kwa kusukuma maji pembeni. Ukiingia ndani na uzito wako wa kilo 60, boti hushuka kidogo, mpaka isukume kilo 60 nyingine za maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo mtu wa kilo 60 ni sawa na madumu matatu ya lita 20 yaliyojaa maji.

Sasa tufanye hesabu. Chukua boti pana kidogo, ya urefu wa futi 12 na upana wa futi 4. Futi 12 ni karibu mita 3 na nusu. Sehemu ya boti hiyo inayokaa juu ya maji ni kama mita 3 za mraba, maana mbele imechongoka. Boti ya namna hii hushuka sentimita 1 kwa kila kilo 30. Mtu mmoja wa kilo 60 akiingia, inashuka sentimita 2. Watu wawili na nyavu za kilo 30 ni kilo 150. Inashuka sentimita 5, yaani upana wa vidole vitatu hivi. Si neno.

Chukua sasa mtumbwi mwembamba wa gogo, urefu mita 4 na upana sentimita 60. Huo ni mrefu kuliko ile boti ya kwanza. Lakini sehemu yake inayokaa juu ya maji ni kama mita 1 na nusu tu za mraba. Kwa hiyo hushuka sentimita 1 kwa kila kilo 15. Mtu yule yule wa kilo 60 anaushusha sentimita 4. Wakiingia watatu ni sentimita 12. Ongeza nyavu na samaki kilo 75, ni sentimita 5 nyingine. Na gogo lenyewe lina uzito wake. Tuseme ni kilo 120, basi lilikwisha kushuka sentimita 8 kabla mtu yeyote hajaingia. Jumla ni sentimita 25. Kama ubavu wa mtumbwi una kimo cha sentimita 35, umebaki na sentimita 10 tu juu ya maji. Wimbi dogo la alasiri linatosha kumwaga maji ndani.

Kumbe mtumbwi mrefu umeshindwa na boti fupi.

Kuna jambo jingine kuhusu upana, na hili ndilo watu wengi hawalijui. Ukiongeza urefu wa boti mara mbili bila kubadili upana, nguvu yake ya kukataa kulala upande huongezeka mara mbili. Lakini ukiongeza upana mara mbili, nguvu hiyo huongezeka mara nane. Ndiyo, nane: mbili mara mbili mara mbili. Hii si imani, ni hesabu ya mafundi wa meli. Kwa hiyo usianze kumwuliza fundi, "Ina futi ngapi urefu?" Mwulize upana kwanza.

Na uzito ukae chini. Mtu aliyesimama ndani ya boti ni kama mzigo uliofungwa juu kabisa ya mkokoteni. Mkokoteni ukipita kwenye mtelemko wa ubavuni, unaanguka. Mvuvi akisimama kuvuta wavu, mwenzake akaegemea upande ule ule kumsaidia, wanakuwa wameipindua boti wao wenyewe.

Sasa yule kijana aliyesema boti kubwa haipinduki. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria, karibu kabisa na kisiwa cha Ukara. Kilikuwa cha chuma, tena kikubwa kuliko boti yoyote itakayofika Basotu. Kilitengenezwa kuchukua watu 101, lakini siku hiyo kilikuwa kimejaza watu kupita kiasi hicho. Watu zaidi ya 220 walikufa. Ukubwa haukuwasaidia. Boti kubwa ina ubaya wake mmoja: inamfanya mtu aone kwamba bado kuna nafasi.

ZIWA LAKO NI LIPI?

Sasa tuyaangalie maji yenyewe. Maziwa yetu hayafanani.

Ziwa Basotu na Ziwa Tlawi, lile la karibu na mji wa Mbulu, ni maziwa madogo ya maji baridi. Mvuvi hahitaji kwenda mbali. Anatega nyavu jioni, anatoa asubuhi, anarudi nyumbani. Katika maji ya namna hii injini ni ya kujivunia zaidi kuliko ya kufanyia kazi. Kwa maoni yangu, makasia mawili na mikono yenye nguvu yanatosha.

Ziwa Eyasi ni jambo jingine. Liko chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, magharibi ya Mbulu. Miaka ya mvua nyingi linakuwa pana sana, na perege na kambale hupatikana, hasa karibu na mito inapoingia. Watu hutoka mbali kuja kuvua. Miaka ya ukame maji hurudi nyuma na kubaki tope na chumvi. Maji ya Eyasi hayana kina. Mahali pengi unatembea na maji yanabaki magotini. Boti kubwa yenye injini itagusa chini. Na maji yakirudi nyuma, nani ataikokota boti ya kilo 200 juu ya tope? Hapo boti nyepesi yenye chini bapa ndiyo inayofaa, na mti mrefu wa kusukumia, ule ambao watu wa pwani huuita upondo. Pangaboi la injini haliwezi kazi hiyo.

Ziwa Balangida, chini ya Mlima Hanang, wasomaji wanalijua. Mwaka mmoja ni maji, mwaka mwingine watu wanachota chumvi palepale. Sitamshauri mtu yeyote akope fedha ya boti kwa ajili ya ziwa ambalo huenda likakauka kabla deni halijaisha.

Ndugu zetu wa Babati wana ziwa la maji baridi, na wana viboko. Hapo watu husema boti kubwa ni kinga. Kinga gani? Kiboko mkubwa ana uzito zaidi ya tani moja. Akiinuka chini ya boti ya watu wanne, wote wanne wako majini. Kinga ni kujua mahali anapokaa mchana na kupita mbali. Usipite kati yake na maji ya kina, maana hiyo ndiyo njia yake ya kukimbilia. Jioni anapotoka kwenda kula majani, na alfajiri anaporudi, muachie ufuko. Wavuvi wengine hugonga ubavu wa boti kwa kasia wanapokwenda, ili kiboko asikie na asishtuke. Hilo ni jema.

BOTI YA ALUMINI NA MAGADI

Wakati wa majadiliano, kijana mwingine alileta jambo la boti za alumini. Amesikia kwamba hazishiki kutu na ni nyepesi. Ni kweli. Alumini ni ile ile ya sufuria zetu. Uzito wake ni karibu theluthi moja tu ya uzito wa chuma. Huko Marekani, vita kuu ya pili ilipokwisha mwaka 1945, kiwanda cha ndege cha Grumman kilianza kutengeneza mitumbwi kwa alumini ile ile ya ndege. Mpaka leo wavuvi wa maziwa ya Marekani na Kanada hupenda sana boti hizo. Nao hubishana kama sisi: futi 12 au futi 16? Ile ya futi 12 watu wawili wanaweza kuibeba mpaka majini. Ya futi 16 inataka watu wengi au gari la kuikokota.

Lakini wale wanavua katika maji baridi. Sisi tuna magadi.

Mama yeyote anajua jambo hili. Ukipika maharage kwa magadi ndani ya sufuria ya alumini, sufuria inakuwa nyeusi ndani. Kwa nini? Alumini ina ngozi nyembamba sana juu yake. Ngozi hiyo ndiyo inayoizuia isiliwe. Magadi huila ngozi hiyo, halafu huanza kula alumini yenyewe. Jikoni ni dakika chache, kwa hiyo hasara haionekani. Boti inayolala katika maji ya magadi usiku na mchana, mwezi baada ya mwezi, italiwa polepole. Kwanza vidoa vyeupe, halafu vishimo, halafu matundu. Panapokuwa na misumari ya chuma au shaba iliyogusana na alumini, hapo huliwa upesi zaidi.

Kwa hiyo boti ya alumini inaweza kufaa Basotu au Tlawi. Kwa Eyasi, mimi naikataa. Kama huamini, jaribu kwa gharama ndogo. Chukua kifuniko cha sufuria kuukuu, kisugue mpaka king'ae, kifunge kamba, kizamishe ziwani kwako mwezi mzima. Kikitoka na vishimo, umekwisha kujua.

Tena fikiria matengenezo. Boti ya mbao ikivuja, seremala wa kijijini ataifunga kwa pamba na lami. Boti ya faiba inazibwa kwa kitambaa chake na gundi yake, na fundi akifundishwa anaweza. Lakini alumini haichomelewi kama nondo. Inataka mashine yake na fundi wake. Uliza kwanza huyo fundi yuko wapi. Kama yuko Arusha peke yake, hesabu nauli ya boti kwenda na kurudi.

Boti ya mbao ikijaa maji, mara nyingi mbao bado zinaelea. Ya alumini ikijaa maji inakwenda chini kama sufuria. Dawa yake ni rahisi. Chukua madumu manne matupu ya mafuta ya kula, ya lita 20. Funga vifuniko vizuri, yafunge kwa kamba imara chini ya viti, mawili mbele na mawili nyuma. Madumu hayo yanabeba zaidi ya kilo 70 katika maji. Yatashikilia boti ndogo isizame, na watu wakapata kitu cha kushika mpaka msaada ufike. Hata boti ya mbao iwekewe. Na kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha, hata anayejua kuogelea. Likiwekwa chini ya kiti halimsaidii mtu.

FEDHA

Sasa swali la mzee: boti ikikosa samaki, utaila? Tutafanya hesabu ya mfano. Bei hizi si bei za soko. Nimeziweka ili hesabu iwe nyepesi. Wewe weka bei za kwenu.

Tuseme boti ndogo ni shilingi 1,000,000 na boti kubwa ni shilingi 2,500,000. Zote zitafanya kazi siku 200 kwa mwaka, kwa miaka 5. Hizo ni siku 1,000. Basi kila siku boti ndogo inakula shilingi 1,000 na boti kubwa shilingi 2,500, hata kama hamkupata samaki hata mmoja.

Boti ndogo ina watu wawili. Kwa siku wanapata kilo 8 za samaki, kwa shilingi 5,000 kilo moja. Hiyo ni 40,000. Toa 1,000 ya boti na 3,000 ya nyavu. Zinabaki 36,000. Kila mtu 18,000.

Boti kubwa ina watu wanne na nyavu mara mbili. Je, watapata samaki mara mbili? Tuseme wanapata kilo 14, yaani 70,000. Toa 2,500 ya boti, 6,000 ya nyavu, na 9,000 ya petroli lita tatu. Zinabaki 52,500. Gawanya kwa wanne. Kila mtu 13,125.

Ili wale wanne nao wapate 18,000 kila mmoja, ni lazima wavue karibu kilo 18 kila siku. Je, ziwa lenu linaweza kutoa hizo, mwaka mzima?

Kwa nini nimesema kilo 14 na si 16? Kwa sababu ziwa ni kama malisho. Malisho ya ng'ombe 50 hayawi ya ng'ombe 100 kwa kujenga zizi kubwa. Katika ziwa dogo wavu wa pili unamvua samaki yule yule ambaye angeingia katika wavu wa kwanza. Kikundi kinapoona boti kubwa hailipi, kishawishi kinakuja: wavu wa macho madogo, au kokoro la kukokota mpaka ufukoni. Kokoro limekatazwa na sheria, na linabeba watoto wa samaki pamoja na mayai yao. Nimeona watu wazima wenye akili wakianza hivyo kwa sababu ya deni tu.

Juu ya deni, wasomaji wengine wamesikia kwamba Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua huko Mwanza ugawaji wa boti za kisasa na vizimba vya samaki kwa njia ya mkopo. Ni jambo zuri kwa Ziwa Victoria, ambalo ni kama bahari. Si lazima boti ile ile ifae Hanang. Halmashauri zetu nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkienda kuomba, nendeni na hesabu kama hii mmeiandika wenyewe. Kusoma na kuandika tulijifunza kwa kazi hizo hizo. Na mwulizeni ofisa uvuvi habari za leseni ya chombo na ya mvuvi kabla ya kununua.

Je, boti kubwa haina mahali pake? Inapo. Kama mnavua mbali na nchi kavu, kama upepo wa miezi ya Juni mpaka Septemba unainua mawimbi makubwa kwenu, kama boti itabeba pia abiria au mizigo ya soko na kulipwa, basi ile kubwa na pana inaweza kujilipa. Kwa Basotu mimi nipo upande wa wazee: boti ndogo mbili, pana. Moja ikiharibika, nyingine inafanya kazi. Moja ikipata ajali, nyingine inakwenda kuokoa. Lakini vijana nao wana haki katika jambo moja. Mitumbwi myembamba ya gogo, ambayo wazee wanaijua na kuipenda, isirudi tena kubeba watu watatu.

Boti yoyote mtakayochagua, msilipe fedha yote kabla ya kuijaribu. Ipelekeni mahali maji yanapofika magotini. Pakieni watu wote, na mifuko ya mchanga yenye uzito wa nyavu na samaki. Pimeni kwa fimbo ubavu uliobaki juu ya maji. Ukipungua sentimita 25, punguzeni watu au mzigo. Halafu watu wote wakae upande mmoja kwa pamoja. Maji yakiingia, mwambieni fundi aongeze upana, na fedha iliyobaki ikae kwa mweka hazina mpaka atakapomaliza.